Kabla ya klipu kulikuwa na karisi: historia ya kukata picha, kutoka Walikale hadi kwenye simu

Vijana wengi wa Masisi na Walikale hawajawahi kuingia katika jumba la sinema. Hata hivyo kila siku wanaangalia filamu. Wanaziita klipu: wimbo mmoja, dakika tatu au nne, picha zinazokimbia kwenye kioo cha simu. Mwimbaji yuko kando ya ziwa mjini Goma, mara yuko juu ya mawingu, mara anatembea chini ya maji na nguo zake hazilowi. Sekunde moja baadaye yeye ni watu kumi wanaocheza kwa pamoja. Hakuna anayeuliza mtu huyo alipandaje mawinguni. Mtoto wa miaka mitano anaelewa na kuendelea kuimba.

Lugha hiyo ya picha ina historia yenye mizizi miwili. Wa kwanza ni montaji, yaani kazi ya kukata vipande vya picha na kuviunga. Wa pili ni surealizimu, sanaa inayochukua vitu vya kawaida na kuvipanga kama ndoto inavyovipanga. Mizizi hiyo hufundishwa kama mambo ya Paris na Moscow. Lakini historia hiyo inapita pia Bukavu, Kinshasa na Goma, na sehemu yake moja kubwa iko katika msitu wa Walikale.

Habari hii haihusu starehe peke yake. Mkasi ule ule unaotengeneza klipu ya kuchezesha watu ndio unaotengeneza video ya uongo inayofanya familia ifunge mizigo usiku, au irudi kijijini kabla ya wakati. Anayejua jinsi picha inavyokatwa hadanganywi kwa urahisi.

Mkasi na gundi

Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha filamu zao mbele ya watu waliolipa kiingilio mjini Paris. Kila filamu ilikuwa fupi, chini ya dakika moja, na ilikuwa kipande kimoja tu. Kamera iliwekwa mahali pamoja, ikarekodi, ikazimwa. Hakukuwa na kukata.

Mfaransa mwingine, Georges Méliès, alikuwa mtu wa mazingaombwe jukwaani. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba siku moja alipokuwa akirekodi barabara ya Paris, kamera ilikwama kidogo kisha ikaendelea. Alipotazama filamu, aliona gari la abiria limegeuka ghafla kuwa gari la kubeba maiti. Hakuna kilichogeuka. Gari la kwanza lilikuwa limepita wakati kamera imekwama, na la pili lilikuwa limefika mahali pale pale. Ukweli wa kisa hicho anaujua Méliès, lakini mbinu yenyewe ni ya kweli na bado inatumika: simamisha kamera, badilisha kitu, endelea. Kijana wa leo anayepiga vidole na mara nguo zake zinabadilika kuwa suti anafanya kazi ya Méliès, ambaye mwaka 1902 aliwapeleka watu mwezini katika filamu ya dakika chache.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mrusi Lev Kuleshov alifanya jaribio ambalo hadi leo linafundishwa katika shule za filamu. Alichukua picha ya uso wa mwigizaji mmoja, Ivan Mozzhukhin, uso usioonyesha furaha wala huzuni. Akauunga na picha ya sahani ya supu, kisha na ya jeneza, kisha na ya mwanamke. Watu walisifu uigizaji wake: hapa ana njaa, pale analia, pale anapenda. Uso ulikuwa ule ule. Maana haikuwa usoni, ilikuwa kwenye kiungo kati ya picha mbili.

Jambo hilo linaeleweka kwa urahisi huku Kivu. Chukua picha ya mama mmoja anayetazama pembeni. Iweke baada ya sahani ya ugali na sombe: watu watasema mama ana njaa. Iweke baada ya gari la askari: watasema anaogopa. Iweke baada ya mtoto anayecheza mpira: watasema anafurahi. Labda mama huyo alikuwa anamtazama jirani aliyemwita. Mpiga montaji ndiye aliyesema, mama hakusema lolote.

Wenzake Kuleshov waliendeleza kazi hiyo. Sergei Eisenstein, katika filamu ya Meli ya Kivita Potemkin ya mwaka 1925, alionyesha kwamba picha mbili zikigongana huzaa wazo la tatu ambalo halimo katika yoyote kati ya hizo mbili. Mwaka 1929 Dziga Vertov alitoa filamu yake juu ya mtu mwenye kamera mjini. Iliyekata na kuunga vipande vyake ni mke wake, Elizaveta Svilova, na ndani ya filamu anaonekana akiwa mezani na mkasi. Watazamaji wachache humtaja. Ndivyo ilivyo hata leo: jina la mwimbaji linajulikana, la mpiga montaji halijulikani.

Ndoto iliyozaliwa vitani

Surealizimu haikuanza kama mchezo wa watu walioshiba. André Breton, aliyeandika ilani yake ya kwanza mwaka 1924, alikuwa mwanafunzi wa udaktari wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1916 alitumwa katika hospitali ya Saint-Dizier, iliyokuwa ikipokea askari waliochanganyikiwa akili kwa sababu ya mapigano. Aliwasikiliza wakisema maneno yasiyo na mpangilio, na humo akaona picha zenye nguvu kuliko mashairi ya vitabuni. Baadaye yeye na wenzake walisema kwamba akili ile inayojiita timamu ndiyo iliyopeleka mamilioni ya vijana kufa kwenye mahandaki, kwa hiyo ni haki kuisikiliza pia ndoto.

Watu waliokimbia vita wanalijua jambo hilo bila kusoma Breton. Aliyelala nje ya kijiji chake huota nyumba yake iko mahali pasipo pake, marehemu wanazungumza mezani, mto unapita chumbani. Ndoto inaunga vipande ambavyo mchana haviungiki.

Mwaka 1929 Wahispania wawili, Luis Buñuel na Salvador Dalí, walipeleka ndoto hiyo kwenye filamu. Mmoja aliota wingu likikata mwezi kama wembe unaokata jicho, mwingine aliota mkono uliojaa sisimizi. Kutokana na ndoto hizo wakatengeneza Un Chien Andalou, filamu ya takriban robo saa. Waliweka sharti moja: picha yoyote inayoweza kuelezwa kwa akili itupwe. Mwanzoni mwa filamu maandishi yanasema kwamba miaka minane imepita, na mwanamke ni yule yule. Maandishi juu ya picha yanaweza kusema uongo waziwazi, na mtazamaji akaendelea kuamini.

Kuna jambo moja ambalo wapenzi wa klipu wangelifurahia. Siku ya kwanza ya kuionyesha, Buñuel alikaa nyuma ya kitambaa na gramafoni, akibadilisha sahani: mara tango ya Argentina, mara muziki wa Wagner. Picha za ndoto na muziki uliochaguliwa kwa makusudi. Miaka zaidi ya 50 kabla ya televisheni ya muziki, klipu ilikuwa karibu kuzaliwa.

Kundi hilo lilihusika pia na Afrika, kwa njia mbili. Walikusanya vinyago vya Kiafrika, vingi vikiwa vimeondolewa kwa wenyewe wakati wa ukoloni. Lakini mwaka 1931, Ufaransa ilipoandaa maonyesho makubwa ya makoloni mjini Paris, Breton na wenzake walitoa karatasi ya kuwaambia watu wasiende kuyatazama.

Walikale, mwaka 1956

Mwaka huo, katika nchi ya Wanyanga, mzee mmoja aliyeitwa Shekarisi Rureke alisimulia hadithi ya Mwindo kwa siku 12. Waliomsikiliza na kuandika walikuwa Daniel Biebuyck, mtafiti kutoka Ubelgiji, na Kahombo Mateene, Mnyanga ambaye baadaye alikuwa mtaalamu mkubwa wa lugha za Afrika. Kitabu chao kilitoka mwaka 1969 nchini Marekani, na leo hadithi hiyo inasomwa katika vyuo vikuu vya nchi nyingi.

Wanyanga waliita masimulizi ya namna hiyo karisi. Rureke hakukaa kitini akisoma. Aliimba, alisimulia, alicheza, aliigiza. Vijana walipiga kijiti kikavu kwa mdundo, wasikilizaji wakaitikia nyimbo. Msimulizi alikuwa mara mtu anayeeleza habari za Mwindo, mara Mwindo mwenyewe akizungumza.

Habari zenyewe ni hizi. Chifu Shemwindo wa Tubondo aliwakataza wake zake kuzaa mtoto wa kiume. Mwindo alipanda ndani ya mwili wa mama yake na kuzaliwa kupitia kidole cha kati cha mkono. Alizaliwa akitembea na kusema, ndiyo maana anaitwa Kabutwa-kenda. Msemaji wa Kiswahili anaisikia maana bila kutafsiriwa: aliyezaliwa akaenda. Baba yake alijaribu kumuua kwa mikuki, akamzika hai, mwishowe akamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Ngoma ilisafiri chini ya maji hadi kwa shangazi yake, Iyangura. Baadaye Mwindo anasaidiwa na Nkuba, mwenye radi, anashuka kuzimu kumtafuta baba yake aliyekimbia, na siku nyingine anachukuliwa hadi angani ambako anateswa na baridi na jua. Anaporudi anatoa sheria za kuishi vizuri.

Mtu anayezaliwa kidoleni, mtoto anayeimba ndani ya ngoma chini ya maji, safari ya kuzimu na angani: Paris haikuota zaidi ya hapo. Na namna ya kusimulia nayo ni montaji. Hadithi inakatwa na wimbo, na wimbo ukiisha mahali pamebadilika. Tubondo inaachwa, mto unaingia, kijiji cha shangazi kinaingia, na msikilizaji hapotei kwa sababu mdundo wa kijiti unamshika mkono. Hivyo ndivyo klipu nzuri inavyofanya kazi: picha zinaruka, mdundo haukatiki.

Tofauti ipo, na isifichwe. Kwa Breton, ndoto ilikuwa njia ya kuvunja utaratibu wa jamii yake. Kwa Wanyanga, maajabu ya Mwindo yanarudisha utaratibu. Mwishoni baba na mtoto wanapatana na kugawana utawala, na Mwindo aliyekuwa na majivuno anafundishwa unyenyekevu. Masisi na Walikale zina watu wa jamii nyingi, na kila jamii ina hadithi zake za jioni ambamo wanyama huongea na milango hufunguka kwenye mapango. Wazee waliozisimulia hawakuwa na kamera, lakini walijua kukata.

Waliosema Mwafrika haelewi picha

Wakati Rureke anaimba, ofisi za wakoloni zilikuwa zikiandika kinyume chake. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa Waingereza ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu huko Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika, na kuzionyesha katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Mwaka 1939 Waingereza walianzisha kitengo cha filamu za makoloni, chini ya William Sellers. Yeye aliamini kwamba Mwafrika asionyeshwe picha za haraka wala mbinu za kamera. Kila kitendo kionyeshwe polepole, mwanzo hadi mwisho. Mtu akitoka nyumbani kwenda shambani, asikatwe njiani, la sivyo watazamaji watashangaa alifikaje.

Katika Kongo ya Wabelgiji mawazo yalikuwa hayo hayo. Filamu za kuonyeshwa kwa Wakongomani zilipita kwanza kwenye tume ya udhibiti. Mwaka 1952 L. Van Bever, aliyehusika na filamu katika idara ya habari ya koloni, alichapisha kitabu juu ya sinema kwa Waafrika. Alidai kwamba kwa ujumla Mwafrika hajakomaa kwa sinema na kwamba picha zinazofuatana haraka zinamzamisha. Wamisionari nao walitengeneza filamu zao: Wapadri Weupe walikuwa na studio Bukavu, na huko Kasai padri Albert Van Haelst alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili, mnene na mwembamba. Watu walicheka sana. Wachekeshaji walikuwa Wakongomani, mkasi ulikuwa mkononi mwa padri.

Kisa kimoja kilisimuliwa mara nyingi kama ushahidi. Wanakijiji wa Kiafrika walionyeshwa filamu ya afya, polepole, juu ya kuondoa maji yaliyotuama. Walipoulizwa waliona nini, walisema: kuku. Watengenezaji hawakujua kwamba kuna kuku katika filamu yao. Walirudia kutazama wakakuta kweli, kwa muda wa kama sekunde moja, kuku anapita kwenye kona ya picha. Wakahitimisha kwamba Waafrika hawajui kusoma filamu. Kisa kinaweza kusomwa kwa upande mwingine: hao wanakijiji waliona sekunde moja ambayo wataalamu walioipiga na kuihariri filamu hawakuiona.

Rais anayeshuka mawinguni

Uhuru ulipofika mwaka 1960, mkasi ulibadilisha mikono lakini haukufika kwa raia. Televisheni ya taifa ilianza Kinshasa mwaka 1966. Waliokuwa watu wazima wakati wa Zaire wanakumbuka jinsi taarifa ya habari ya jioni ilivyofunguliwa: mawingu, na kutoka humo sura ya Mobutu ikishuka kuelekea kwa watazamaji. Kazi yenyewe ni rahisi, picha mbili zimewekwa juu ya nyingine, moja ikionekana kupitia nyingine. Méliès aliitumia kwa kuchekesha, wasurealisti kwa kuota. Serikali iliitumia ili mtu aonekane kama mungu, kila jioni, kabla ya habari.

Televisheni hiyo hiyo ilipeleka muziki nyumbani kwa watu. Bendi zilirekodiwa zikicheza studioni, kamera ikifuata kiuno na viatu vya bei. Ulaya na Marekani klipu ilikuwa imeshika njia ya ndoto. Mwaka 1975 kundi la Queen lilitoa Bohemian Rhapsody na nyuso zinazoongezeka kwenye giza. Tarehe 1 Agosti 1981 MTV ilianza kurusha klipu mchana na usiku. Mwaka 1986 Peter Gabriel alilala saa nyingi chini ya kioo ili Sledgehammer ipigwe picha moja moja, matunda na samaki wakicheza kuzunguka kichwa chake. Wasomi wakaanza kuandika. Mwaka 1984 Marsha Kinder alilinganisha klipu na ndoto: zote mbili huruka mahali na wakati bila kuomba ruhusa. Mwaka 2004 Carol Vernallis alionyesha katika kitabu kizima kwamba kukata kwa klipu si kukata kwa filamu ya hadithi. Filamu hukata ili habari isonge, klipu hukata ili jicho lisikie muziki.

Kwa Wakongomani, Mwezé Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, aliunganisha muziki na sinema katika La Vie est belle ya mwaka 1987, Papa Wemba akiwa mwigizaji mkuu. Mwaka 1999 filamu yake nyingine, Pièces d'identités, ilipata tuzo kuu ya FESPACO huko Ouagadougou.

Goma na kizazi cha kompyuta

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, vita na volkano vilikuwa vimeiumiza Goma. Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002 na kuteketeza sehemu kubwa ya mji. Katika kipindi hicho mtengeneza filamu Petna Ndaliko Katondolo, mzaliwa wa Goma, alileta mjini kituo cha Yole!Africa, ambacho alikuwa amekianzisha Kampala. Vijana walijifunza kushika kamera, kucheza, kurekodi muziki na kufanya montaji. Kikazaliwa na tamasha la filamu la Salaam Kivu. Katika filamu yake fupi Kapita ya mwaka 2020, Petna alichukua picha za zamani za wakoloni, zile zilizopigwa kuonyesha migodi na kazi ya Kongo kama maendeleo, akazikata upya. Picha ni za Wabelgiji, mkasi ni wa mtu wa Kivu, na maana imegeuka.

Wengine walipita njia ya muziki wa kuchezesha. Innoss'B, kijana wa Goma, alitoa pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania toleo jipya la Yope mwaka 2019, na klipu yake imetazamwa kwenye YouTube zaidi ya mara milioni 100. Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Ubelgiji, alichagua ndoto waziwazi. Jina lake lenyewe ni somo: ni ndugu wa neno "balozi", ambalo pwani ni mjumbe wa serikali na huku Kivu ni wachawi. Filamu yake fupi ya muziki Zombies ya mwaka 2019, iliyopigwa Kinshasa, inaonyesha watu waliomezwa na simu zao, katika mavazi yasiyo ya dunia hii. Mwaka 2023 filamu yake ndefu Augure, juu ya mtu aliyeshutumiwa uchawi tangu utoto, ilipata tuzo huko Cannes.

Kinachofanyika mezani

Kijana anayetaka kujifunza aanze na hesabu. Video ya kawaida ina picha 25 kwa sekunde. Wimbo wenye midundo 100 kwa dakika una mdundo mmoja kila sekunde 0.6, yaani kila baada ya picha 15. Mpiga montaji anayekata kila picha 15 atapata klipu inayopiga hatua na ngoma. Akikata hivyo hivyo dakika nne, watu watachoka. Kwa hiyo mzoefu huacha mdundo mmoja au miwili, hukata kwenye gitaa badala ya ngoma, na hutuliza picha kwenye kiitikio ili sauti ipumue.

Mwendo wa polepole nao una siri. Ukimrekodi mwimbaji kawaida kisha ukapunguza mwendo, midomo itaachana na wimbo. Suluhisho ni kupiga wimbo kwa kasi mara mbili wakati wa kurekodi, mwimbaji aimbe haraka, kamera ichukue picha 50 kwa sekunde, kisha zichezwe 25. Midomo inarudi mahali pake, lakini nguo na nywele zinaelea kama ndotoni. Mwimbaji wa Coldplay alijifunza kuimba wimbo mzima kinyumenyume kwa klipu ya The Scientist ya mwaka 2002. Picha ilipogeuzwa, yeye aliimba sawasawa wakati ulimwengu ukirudi nyuma.

Kwenda mawinguni ni kazi ya kitambaa cha kijani. Kompyuta inaambiwa ifute kijani chote na kuweka picha nyingine. Leo programu za simu kama KineMaster na CapCut zinafanya hivyo kwa dakika chache. Ile nguvu iliyokuwa Kinshasa peke yake wakati wa Mobutu iko sasa kwenye pikipiki, mfukoni mwa abiria.

Mkasi huo huo vitani

Hapo ndipo historia hii inapogusa kambi na familia zinazowapokea wakimbizi. Video inayofika kwenye simu ikiwa na milio ya risasi na sauti ya mtu akitaja kijiji ni montaji mpaka ithibitishwe. Picha inaweza kuwa ya nchi nyingine au ya mwaka mwingine, sauti ikawa ya jana. Maandishi yanayosema "leo asubuhi" hayana uzito kuliko yale ya Buñuel yaliyosema miaka minane. Wakati wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, Kivu ya Kaskazini iliona jinsi uvumi unavyofanya watu waogope hata waliokuja kuwatibu. Mwaka huo huo wa 2018 waandishi wa habari Wakongomani walianzisha Congo Check ili kuchunguza habari za namna hiyo.

Mambo machache yanaweza kuangaliwa na yeyote. Je, sauti na midomo vinaendana? Je, video imekatwa mara ngapi, na kila baada ya kukatwa mahali ni pale pale? Je, milima, udongo, miti na nguo ni za kwetu, au ni za nchi ya mchanga? Je, ni msimu wa mvua katika picha wakati huku ni kiangazi? Je, wanaozungumza wana lafudhi ya huku? Je, kuna mtu aliyeko pale anayeweza kupigiwa simu kabla ya kufunga mizigo? Hiyo ndiyo kazi ya kutafuta kuku kwenye kona ya picha.

Kuna jambo lingine ambalo wakimbizi wa ndani wamelalamikia bila kusikilizwa sana. Nyuso zao hupigwa picha siku ya mgao wa chakula, kisha huonekana ndani ya klipu ya wimbo wa amani au video ya kuomba msaada, zikiungwa na moto, silaha na kinanda cha huzuni. Mama aliyekuwa anacheka na jirani anageuzwa mama anayelia. Ni jaribio la Kuleshov, isipokuwa huyu si mwigizaji na hakuulizwa. Mwanamuziki au mtu yeyote mwenye kamera anao wajibu wa kuomba ruhusa, kueleza picha itaungwa na nini, na kumwonyesha mwenye uso kazi kabla haijatoka. Na mwenye uso ana haki ya kusema hapana bila kupoteza zamu yake ya chakula.

Mwindo alifungiwa ndani ya ngoma na baba yake ili asisikike, na sauti yake ikasafiri na mto. Watoto wa Masisi na Walikale walioko Goma, Minova au mbali zaidi wana simu, wana hadithi za babu zao, na sasa wana mkasi. Wazee waliobaki wakikumbuka karisi na hadithi nyingine warekodiwe mapema, kwa lugha zao, wakiwa na watu wa kuitikia. Klipu ya kwanza inayoonyesha mtoto akizaliwa kidoleni haihitaji kutoka Paris wala Kinshasa.